Matairi ya Kitalu cha Chini

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa kamati ya makaburi. Wajumbe saba, tumehudhuria wanne. Wawili wana udhuru. Wa saba tulimzika Januari na hakuna aliyekumbuka kulifuta jina lake. Nimelifuta mimi. Ndiyo kazi ya katibu.

Ajenda moja: matairi ya nyuma ya trekta letu dogo. Yamekwisha. Vipara vitupu. Mwezi uliopita tela lenye jeneza lilikwama katikati ya mteremko wa Kitalu cha Chini. Waombolezaji wakalisukuma wakiwa na viatu vyao vya heshima. Mjane alipoteza kimoja topeni na mpaka leo hakijaonekana.

Mwenyekiti kasema imetosha. Trekta lishuke Kitalu cha Chini na kupanda, likiwa na tela lenye mzigo, kabla mvua kubwa hazijaanza. Likishindwa, kitalu kitafungwa. Hazikwi mtu tena kule. Sote Kitalu cha Juu.

Nikaandika "kitafungwa". Kalamu ikatoboa karatasi.

Mke wangu yuko Kitalu cha Chini. Mwaka wa tatu huu. Nafasi iliyo kulia kwake ni yangu. Niliichagua mwenyewe, kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii. Tulitoka kwetu miaka arobaini na mmoja iliyopita tukiwa na sanduku moja na kisanduku cha vitabu. Huko nyuma makaburi ya wazee wangu yamesawazishwa, yamejengwa kituo cha malori. Sina ardhi nyingine duniani ila kipande hicho, urefu wa mtu na upana wa kitanda cha mtu mwembamba. Kitalu cha Juu jirani yangu atakuwa marehemu mwenye nyumba wetu wa kwanza, yule aliyekuwa akitufungia maji kila Ijumaa. Milele!

Basi, matairi. Mimi nataka yenye meno marefu, yanayouma tope. Mzee Zulia anataka mapana, meno mafupi, yasiyochubua nyasi. Huyu ni fundi cherehani mstaafu. Kapewa jina hilo kwa sababu nyasi za makaburini anaziita "zulia langu", na mtu akizipitia na viatu vyenye visigino hushika kichwa. Tumebishana saa nzima. Kasema mimi nataka kuwalima marehemu. Nikamjibu kwamba yeye anataka marehemu washuke kwa miguu yao. Mwenyekiti kagonga meza: fundi wa matairi aulizwe, na atakachosema fundi ndicho.

Atakachosema fundi! Kumbukumbu za mkutano naandika mimi. Nimeandika: "Kamati imekubali meno marefu." Mwenyekiti katia saini papo hapo. Miaka kumi na miwili, hajasoma hata moja.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda bandani kunakili namba ya tairi. Iko ubavuni, nusu imesuguliwa na ukuta. Nimeona tisa, au nane, halafu mstari, halafu kitu kama ua.

Dereva alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, anakunywa chai. Sisi sote tunamwita Shangazi, hata wanaomzidi umri kama mimi. Kaniangalia nikipiga magoti, kaniangalia nikishindwa kuinuka, ndipo kaja kuninyanyua. Kauliza kwa nini nisitazame kwenye kitabu cha trekta. Mbona namba zote zimo? Tena kitabu hicho kimepotea bandani miaka miwili sasa, sijui mwizi gani anaiba kitabu cha trekta.

Nimesema hata mimi nashangaa.

Kitabu kiko kwangu. Nilikichukua nikijalidi. Nilikuwa mtunza maktaba huko kwetu, miaka kumi na tisa, siwezi kuona kitabu kimevuliwa jalada nikakaa kimya. Halafu mguu wa kitanda ukavunjika kidogo. Kwa unene wake kitabu kilitosha pale kama kimepimwa.

Jioni nimekichomoa. Namba nimezipata. Kitanda kimeinama, nikabingirika mpaka ukutani. Binti yangu, ambaye ndiye ninayeishi kwake, kaingia kwa kishindo, kauliza nimeanguka au nimesukumwa. Nimemweleza habari za matairi na maendeleo ya jamii. Kaegemea mlango. Kasema, "Baba, sema tu kwamba unataka kulala karibu na Mama. Watakuelewa."

Mtu hasimami mbele ya kamati akasema maneno kama hayo.

Ijumaa, 7 Machi

Karakana ya fundi wa matairi. Kumbe Mzee Zulia amenitangulia! Ameketi kwenye benchi, kofia magotini, kama mgonjwa anayesubiri daktari.

Fundi ni mtu wa kiasi cha miaka arobaini, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, maneno machache. Katuonyesha aina tatu. La meno marefu: zuri topeni, lakini kwenye nyasi ni jembe. La meno mafupi: zuri kwenye nyasi, lakini topeni ni sabuni. La tatu ni la katikati, meno mafupi kiasi, manene, yaliyokaribiana. Kasema nyinyi juu mna nyasi na chini mna tope, basi hili hapa ndilo lenu. Halichubui sana, halitelezi sana. Angekuwa yeye asingefikiri mara mbili.

Mimi na Mzee Zulia tukakataa kwa pamoja. Kwa sauti moja! Miaka tisa hatujawahi kukubaliana hata juu ya siku ya wiki.

Fundi kafuta mikono. Kasema basi wazee wangu mkaelewane kwanza, yeye ana lori linamngoja.

Ndipo nikatoa kumbukumbu za mkutano. Meno marefu, saini ya mwenyekiti, tarehe. Mzee Zulia kavaa miwani. Kasoma. Kasoma tena. Kaniangalia mimi, si karatasi. Nilimngoja anitukane, nilikuwa na majibu matatu yaliyo tayari. Kavaa kofia yake, kaenda zake.

Nimeshinda. Chakula cha mchana nimekirudisha jikoni, lakini nimeshinda.

Jumapili, 9 Machi

Uchunguzi wa kisayansi.

Meno marefu hupangwa kwenye tairi kama vichwa vya mishale, kimoja nyuma ya kingine. Swali: mishale ielekee mbele au nyuma? Kitabu cha trekta kina ukurasa wa jambo hili, ila ndio ukurasa uliokandamizwa na mguu wa kitanda. Tundu safi, la mviringo.

Sikuhitaji kitabu. Nyuma ya mtaa wetu kuna njia ya kwendea mashambani. Nimekaa juu ya jiwe tangu asubuhi mpaka trekta la mkulima mmoja likapita kwenda shambani. Nimeliona kwa macho yangu likienda. Lilipopotea, nimeshuka kuangalia alama kwenye tope. Mishale yote inaelekea lilikotoka! Nyuma! Nimeichora kwenye daftari, nimepima kwa rula, nimeandika saa.

Hivi ndivyo elimu inavyopatikana. Wengine huuliza watu.

Jumatatu, 10 Machi

Matairi yamefungwa. Vita kidogo.

Fundi alitaka kuyafunga mishale ikielekea mbele. Nikamsimamisha. Kanionyesha mshale uliochorwa na kiwanda ubavuni mwa tairi: tairi lizunguke huku. Nikamwambia mshale huo huenda ni wa wapanga bidhaa, wajue upande wa kuliweka rafuni. Nikafungua daftari, nikamwonyesha ushahidi.

Kacheka mpaka kaketi chini. Kasema, "Mzee wangu, alama ya chini hugeuka. Kwani hujawahi kushika muhuri?"

Kushika muhuri! Nimegonga mihuri ya maktaba kwa miaka kumi na tisa. Vitabu elfu kadhaa. Kila asubuhi nilikuwa nautazama muhuri wenyewe, herufi zimegeuka kinyume, na kila asubuhi zilitoka sawasawa kwenye karatasi. Nilihisi kitu kidogo kikisogea kichwani, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Sikufungua. Nilikuwa nimeshachora.

Fundi kasema sawa, mwenye mali haulizwi, ila niandike kwamba nimetaka mwenyewe. Nimeandika. Mwandiko wangu bado mzuri. Kaisifu karatasi, kaitundika ukutani karibu na kalenda.

Shangazi aliliendesha trekta kwenda bandani. Kasema barabarani linakwenda kama kawaida. Nimemwambia bila shaka.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya majaribio. Naandika polepole.

Saa tatu asubuhi kamati imejipanga juu ya mteremko. Mwenyekiti na mwavuli, ingawa mvua haikuwa ikinyesha. Mzee Zulia peke yake, pembeni. Tela limejazwa magunia ya mchanga, uzito wa jeneza na watu wanne. Usiku mvua ya rasharasha ilikuwa imelainisha udongo. Nilifurahi! Nikasema vizuri, wataona kazi ya meno.

Shangazi kashuka. Laini kabisa, kama siagi kwenye kisu cha moto. Trekta limefika chini, limezunguka nyuma ya safu ya mwisho, limesimama kando ya mke wangu, pua ikielekea juu. Nilipunga kofia. Mwenyekiti naye kapunga kidogo.

Halafu kaanza kupanda.

Meno hayakuuma kitu. Yalijaa tope mara moja, kila pengo, mpaka tairi likawa duara moja la udongo. Likazunguka pale pale. Shangazi kakanyaga mafuta, kaachia, kakanyaga. Tulishuka kutazama, tope likaruka hadi kwenye mwavuli wa mwenyekiti. Gurudumu la kulia likaanza kuzama. Nikatazama linazama wapi.

Linazama kwangu. Kulia kwake. Katika nafasi yangu hasa. Futi moja. Futi mbili. Kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa jembe.

Shangazi kazima injini, kachungulia shimoni, kapaza sauti ili wote wasikie: Katibu, shimo lako tayari, bado wewe tu!

Walicheka wote. Hata mimi nilicheka, nadhani. Ila Mzee Zulia hakucheka.

Baadaye Shangazi kalifungua tela, kaliacha. Katia rivasi, basi tu, kujaribu. Lo! Trekta limechomoka shimoni kama mbuzi aliyeona kisu. Limelikwepa tela, likageuka kule chini mkia ukielekea juu, na kinyumenyume likapanda mteremko wote bila kuteleza hata kidogo, Shangazi shingo imegeuka, anapiga honi, wajumbe wanakimbia huku na huku. Likapita katikati ya nyasi za Kitalu cha Juu. Mistari miwili mieusi kutoka geti hadi bandani. Zulia la miaka tisa.

Aliposhuka kaniambia nisihuzunike. Trekta langu ni zima, ila ni kama mimi mwenyewe: kurudi nyuma halijambo, mbele ndiko kazi.

Mwenyekiti alisema neno moja: "Kimefungwa." Nimelazimika kuliandika. Safari hii alisoma.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi alifika bandani asubuhi bila kuitwa. Kaliinua trekta kwa jeki, kalihamishia tairi la kushoto kulia na la kulia kushoto. Dakika arobaini. Shangazi kashuka mteremko, kafunga tela, kapanda nalo bila taabu. Hakuna aliyekuwepo kushuhudia isipokuwa mimi na kunguru.

Nimekimbilia kwa mwenyekiti, kama mtu wa umri wangu anavyoweza kukimbia. Kasema uamuzi ni uamuzi. Ardhi kule imeumia, mvua ziko mlangoni. Likazungumzwe tena kiangazi, Juni katikati, udongo ukikauka. Mpaka hapo atakayefariki atazikwa juu.

Nimeshuka kumwambia mwenzangu.

Nikamkuta Mzee Zulia pale. Amepiga magoti juu ya gunia, mkononi mkasi wake wa kushonea, ule mkubwa wa mpini mweusi. Anakata nyasi kuzunguka kaburi la mke wangu. Taratibu, unyasi kwa unyasi, kama anapunguza pindo la gauni. Shimo langu alikuwa amekwisha kulijaza udongo na kulishindilia.

Nikamwuliza anafanya nini. Swali la kijinga. Kasema trekta halijafika huku kukata nyasi tangu mwaka juzi, nilidhani zinajikata? Kasema marehemu alikuwa akimpelekea nguo, na katika wateja wote wa maisha yake ni yeye pekee aliyewahi kurudi, siku ya pili, kumwambia tu kwamba pindo limekaa vizuri. Ndiyo sababu hakutaka meno marefu yashuke huku.

Miaka mitatu nilikuwa nikija kila Jumapili, naona nyasi fupi, najisemea kivuli cha ukuta kinazizuia zisikue. Nimesoma vitabu vingi sana maishani.

Nilitaka kumwambia asante. Neno lilifika hadi kwenye meno. Badala yake nikamwambia upande wa kushoto amekata juu mno. Kasema anajua, amebakiza kwa makusudi. Marehemu alipenda mitandio yake iwe mirefu kidogo kushoto, apate kufunika bega.

Sikujua. Miaka arobaini na minne ya ndoa, sikujua habari ya bega.

Jumamosi, 15 Machi

Siku nzima chumbani. Nimemwonea mtu wivu, na mtu mwenyewe ana miaka sabini na tisa na mkasi. Aibu.

Binti kaleta chai mbili, zote zimepoa. Kaketi kitandani kwangu, kitanda kikainama, tukaegemeana bila kupenda. Nimemwambia yote. Kumbukumbu za uongo, mishale, muhuri, shimo. Alisikiliza huku anauma mdomo. Sikujua kama anazuia kicheko au kingine.

Kasema mambo si magumu hivyo, Baba. Trekta limeshapona. Juni si mbali. Kitalu kitafunguliwa na nafasi yako ipo pale pale, haijachukuliwa na mtu. Unatakiwa ufanye jambo moja tu, tena la kukaa: usife. Vaa sweta, kunywa dawa ya kifua, usitoke kwenye mvua. Miezi mitatu. Mtu yeyote anaweza.

Nimecheka. Kisha nimelia kidogo, yeye pia. Kanishika mkono kama tulivyokuwa tukimshika yeye tukivuka barabara katika mji tusiojua lugha yake. Nimemwahidi. Nimeapa kwa jina la mama yake.

Jambo moja tu. Hakuna hila, hakuna kamati. Nimelala mapema.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua kubwa imeanza jana alasiri. Haijakatika. Maji ya mteremko wote yanashuka Kitalu cha Chini. Nayajua maji hayo. Yakituama pale hadi Juni, udongo hautakauka, mwenyekiti atapata kisingizio. Kinachohitajika ni mfereji. Mfupi tu! Hatua ishirini, uyapokee maji juu ya kaburi la mwenzangu na kuyapeleka pembeni. Mzee Zulia anajua kukata nyasi, lakini habari ya mifereji hana. Kamati ingejadili hadi Septemba.

Binti alikuwa ameficha viatu vyangu. Nimevaa mabuti yake ya mvua, yananibana vidole. Sweta nimeliacha makusudi, lisilowe. Niliahidi kulivaa, sikuahidi kulilowesha. Jembe nimeazima bandani. Shangazi alikuwa amelala kwenye kiti cha trekta.

Mteremko nimeupima kwa jicho.

Nimechimba kwa saa tatu. Mgongo umekataa mara mbili, nikaubembeleza. Nilipofungua kizuizi cha juu maji yameingia mferejini kwa adabu kabisa, yakakimbia kama nilivyokusudia, yakafika kwenye kona, yakapinda kulia. Hayakutakiwa kupinda kulia. Nafasi yangu sasa ni bwawa. Kwake ni pakavu, namshukuru Mungu.

Nimerudi kabla binti hajatoka kazini. Mabuti nimeyakausha na gazeti, nimeyarudisha penye rafu, vidole vikitazama ukuta kama alivyoyaacha. Nguo zangu ziko chini ya kitanda. Hatajua.

Nimekohoa kidogo. Kavu, si cha kifua. Natetemeka pia, ila dirisha halifungi vizuri. Kosa nimeliona: kona ile ingepinda kushoto kama ningechimba kutoka chini kwenda juu. Kesho nitatoka mapema zaidi, binti akiwa bado amelala.